Australia iliwachukua watoto wa Waaborijini mikononi mwa mama zao. Kwa nini kusema "samahani" kulichukua muda wote ule?

#1 Chumvi ya Mawe

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo nimelisoma limenikaa kooni. Kuanzia miaka ya 1910 hadi karibu 1970, serikali za Australia zilikuwa zinachukua watoto wa Waaborijini na wa visiwa vya Torres Strait, hasa wenye mchanganyiko wa damu ya kizungu, na kuwapeleka kwenye mabweni ya serikali, kwenye misheni au kwa familia za wazungu. Na msije mkasema ni yatima. Wengi walikuwa na mama, baba, bibi, shangazi, ukoo mzima upo pale unatazama gari linaondoka.

Tume ya Haki za Binadamu ya kule ikachunguza, ripoti ikafika bungeni Mei 1997. Makadirio yao ya chini ni mtoto mmoja katika kila kumi, ya juu ni mmoja katika kila watatu. Ndio hao wanaoitwa Vizazi Vilivyoibwa.

Waziri Mkuu wa wakati ule, John Howard, akagoma kuomba radhi. Radhi ya serikali kuu ikaja kutolewa na Kevin Rudd tarehe 13 Februari 2008. Piga hesabu mwenyewe, karibu miaka 11.

Dai langu ni fupi: ilikuwa hofu ya kulipa. Ukikiri tu, mawakili wako mlangoni. Anayebisha aje na hoja, asije na matusi.

#2 Mbavu za Mbwa

Nimevuta kigoda, kahawa ipo. Wajuzi karibuni.

#3 Profesa Majalala

Mleta mada, hoja yako ina tundu. Mabunge ya majimbo yote sita yaliomba radhi mapema. Matano yalifanya hivyo 1997, mwaka uleule wa ripoti, na Queensland ikafuata 1999. Na majimbo ndiyo yaliyokuwa na sheria zenyewe: Victoria tangu 1869, Queensland 1897, Australia Magharibi 1905, New South Wales 1909. Mabweni yao, polisi wao, maofisa wao. Kama shida ni kuogopa kesi, hao ndio wangetetemeka kwanza. Mbona walisema?

Howard mwenyewe alieleza msimamo wake bila kificho: kizazi cha leo hakiwezi kubebeshwa makosa ya kizazi kilichopita. Agosti 1999 alipeleka bungeni azimio la "masikitiko makubwa na ya dhati", na neno lenyewe la kuomba radhi akalizunguka kama mtu anayekwepa dimbwi na viatu vipya. Hicho ni kiburi cha taifa, mkuu. Kambi yake iliamini watoto shuleni wanafundishwa kuionea haya nchi yao. Hela ilikuwepo kwenye mawazo yao, sikatai, ila naiweka nafasi ya pili.

#4 Kipanga wa Tanga

Profesa, umeiruka Northern Territory. Tangu 1911 lile eneo lilikuwa mikononi mwa serikali kuu yenyewe, halikuwa jimbo. Kwa hiyo Canberra nayo ilikuwa na watoto wake wa kuwajibia. Na kesi zilikuwa zinaendelea wakati huohuo: moja ilifika mahakama ya juu kabisa, waliochukuliwa wakashindwa, 1997 hiyohiyo. Nyingine kubwa ikaamuliwa 2000. Wewe ungekuwa mwanasheria wa serikali, ungemwachia bosi wako asimame bungeni akiri huku kesi iko mezani?

Niko na mleta mada.

#5 Dada wa Zamu

Huwa nasoma tu humu, leo nachangia. Nafanya kazi ya kutunza wazee huku Perth. Nitasema ninachokiona, siasa nawaachia nyie.

Tulikuwa na bibi mmoja wa Kiaborijini. Usiku lazima mlango wake uwe wazi, ukiufunga anaamka hata kama alikuwa anakoroma. Mkate wa jioni hamalizi, kipande kinaingia chini ya mto. Kuna mwenzetu wa zamu ya asubuhi alitandika kitanda akakitupa, maana ndivyo tunavyofundishwa, chakula kisilale chumbani. Bibi hakugomba wala nini. Aligeukia ukutani, chakula cha mchana akakataa, cha jioni akakataa. Mwisho mfanyakazi mmoja mzawa wa huku akatuweka kikao: huyu kalelewa bwenini, aliletwa akiwa mtoto wa kubebwa, mkate wake muacheni. Tangu hapo tukawa tunamwekea kwenye kikopo chenye mfuniko, na mambo yakaisha.

Wazee wa aina yake wengi wanaziogopa nyumba za wazee kuliko kifo. Kwao ni kurudishwa kulekule. Kengele ya chakula, watu wa sare, mtu mwingine anakuamulia uoge saa ngapi. Niliwahi kumuuliza kuhusu ile radhi ya 2008. Akasema aliiona kwenye TV asubuhi mapema, akalia, kisha akaamka kuwaandaa wajukuu waende shule.

#6 Jogoo la Shamba

Wazungu ni wazungu tu. Uzi ufungwe.

#7 Mbavu za Mbwa

Jogoo umewika, sasa rudi bandani. Watu wanajadili.

Dada wa Zamu, umeniondolea hamu ya utani leo.

#8 Binti Kisauni

Mimi niko Mombasa. Sisi tulifunzwa kwamba hadi 1967 Waaborijini hawakuwa raia, tena waliwekwa kwenye sheria ya wanyama na mimea. Sasa mtu ambaye hata raia hukumhesabu, utamuomba radhi kwa lipi? Mimi naona sababu ndio hiyo. Walichelewa kuwaona watu, wakachelewa na maneno.

#9 Profesa Majalala

Binti Kisauni, hiyo ya wanyama na mimea inazunguka sana mitandaoni na hata Australia kwenyewe wapo wanaoiamini, lakini sheria ya namna hiyo haikuwahi kuwepo. Uraia walikuwa nao tangu sheria ya uraia ilipoanza kazi 1949, sawa na wengine. Haki ya kupiga kura ya taifa wote waliipata 1962. Kura ya maoni ya 1967 ilifanya mambo mawili: ikaipa serikali kuu nguvu ya kutunga sheria zinazowahusu hata wakiwa ndani ya majimbo, na ikafuta kifungu kilichosema wasiingizwe kwenye hesabu ya watu. Zaidi ya asilimia 90 walisema ndiyo.

Ila hisia yako haiko mbali na ukweli. Kwenye sheria ya Australia Magharibi ya 1905, mlezi wa kisheria wa kila mtoto wa Kiaborijini hadi miaka 16 alikuwa ofisa mmoja wa serikali, yule waliyemwita Mlinzi Mkuu. Mama aliyemzaa yuko hai, ananyonyesha, lakini kwa sheria mtoto ni wa ofisa. A. O. Neville alikikalia kiti hicho tangu 1915 hadi 1940.

#10 Binti Kisauni

Shukran Prof. Mwalimu wangu wa historia nitamtafuta tuongee vizuri 😂

Lakini huyo Mlinzi Mkuu alikuwa na watoto wangapi basi? Hata jina moja alilijua?

#11 Wakili wa Mwembeni

Nimechelewa, foleni. Mmegusa kesi bila kuzifungua, na utamu wote uko ndani.

Kesi ya 2000 ni ya Lorna Cubillo na Peter Gunner dhidi ya serikali kuu. Cubillo alichukuliwa 1947 kutoka Phillip Creek, watoto wakapakiwa kwenye lori hadi Darwin, kwenye nyumba iliyoitwa Retta Dixon. Gunner alichukuliwa miaka ya 1950. Upande wa serikali wakatoa karatasi: fomu ya ridhaa ya mzazi, chini yake kuna alama ya dole gumba inayodaiwa kuwa ya mama yake Gunner. Mama kishafariki. Je, alielewa kilichoandikwa kwa Kiingereza? Nani alimsomea? Alilazimishwa? Hakuna wa kujibu. Na Jaji hakuwa tayari kulipuuza lile dole. Kwa Cubillo hali ilikuwa kinyume, karatasi zenyewe hazikuonekana, mashahidi wamekufa. Wote wawili wakashindwa.

Mmoja kaponzwa na karatasi iliyopo, mwingine kaponzwa na karatasi isiyopo. Hapo ndipo utaona mahakama inavyoweza kukutoa jasho.

Sasa njoo Australia Kusini, Bruce Trevorrow. Krismasi ya 1957, mtoto ana miezi 13, tumbo linamuuma. Baba hana gari, jirani anamkimbiza Adelaide, hospitali ya watoto. Kule ikaandikwa kwamba hana wazazi, katelekezwa. Wiki chache baadaye mtoto yuko kwa familia ya wazungu. Mama yake akaandika barua kuuliza mwanangu anarudi lini. Akajibiwa kwamba anaendelea vizuri, ila madaktari bado wanamhitaji kwa matibabu. Wakati huo mtoto hayuko hospitali tena!

Alishinda Agosti 2007, akapewa dola za Australia 525,000, riba ikaongezwa baadaye. Alishinda kwa nini wakati wengine walishindwa? Sababu kubwa ni kwamba wanasheria wa serikali yenyewe walishaionya ile bodi iliyosimamia Waaborijini kwamba haina mamlaka ya kuchukua watoto kwa njia ile. Bodi ikaendelea tu. Kwa hiyo Cubillo na Gunner walikuwa wanapambana na sheria iliyoruhusu unyama, Trevorrow alipambana na ofisi iliyovunja sheria yake yenyewe. Alifariki Juni 2008, ana miaka 51.

Jibu langu kwa mleta mada: serikali haikuwa na haja ya kuogopa sana, kwa sababu sheria za zamani zilikuwa zinailinda. Ukiwa na ngao kama hiyo, kusema samahani hakukufilisi.

#12 Kipanga wa Tanga

Wakili, hiyo tunaijua sisi leo, kesi zikiwa zimeshaamuliwa. Mwaka 1997 nani alijua jaji wa 2000 ataamua nini? Woga haungoji hukumu.

#13 Mzee wa Data

Nitachafua hali ya hewa kidogo.

Ile ripoti ya 1997 ilisikiliza mamia ya waathirika, na ni kweli simulizi zinaumiza. Lakini hawakuhojiwa kwa kupingwa kama mahakamani, na maofisa wa zamani hawakupewa nafasi kubwa. Kisha ripoti ikatumia neno mauaji ya kimbari. Nadhani hilo ndilo lililofunga mlango. Mtu wa kawaida wa Sydney anajiuliza: jirani yangu alilea mtoto wa Kiaborijini kwa mapenzi, leo unaniambia ni muuaji wa kimbari? Wapo watoto waliokuwa wanapigwa, wana njaa, na kuchukuliwa kuliwaokoa. Ukiwaweka wote kwenye kapu moja unawapa kina Howard sababu ya kukataa kapu zima.

Sisemi haikutokea. Nasema namna ilivyosemwa iliongeza miaka.

#14 Jogoo la Shamba

Huyu naye kalipwa.

#15 Chumvi ya Mawe

Jogoo, mwache aseme, hoja kaweka.

Mzee wa Data, kuhusu "kuokolewa": kwenye madaftari ya bodi ya New South Wales kulikuwa na sehemu ya kujaza sababu ya kumchukua mtoto. Mwanahistoria Peter Read aliyapitia. Kuna mahali sababu iliyojazwa ni kwamba mtoto ni Mwaborijini. Basi. Njaa haijatajwa, kipigo hakijatajwa. Huyohuyo Read ndiye aliyeanza kuwaita vizazi vilivyoibwa, kwenye andiko dogo la 1981.

Halafu kawasome waliokutana Canberra 1937, wakuu wa masuala ya Waaborijini wa nchi nzima, Neville akiwemo. Waliazimia kwamba hatima ya wenye damu mchanganyiko ni kumezwa na wazungu. Walikuwa wanajadili rangi ipotee baada ya vizazi vingapi. Kama neno la ile ripoti ni zito, uzito wake uliletwa na watu wa kikao kile.

#16 Mzee wa Data

Kikao cha 1937 nakijua. Lakini bwana ustawi wa jamii wa 1962 hakuwa kwenye kikao hicho, na yeye ndiye aliye hai 1997, anapiga kura, ana watoto wanaopiga kura. Mimi naongelea siasa ya kuomba radhi, wewe unaniletea historia ya kosa. Ni vitu viwili.

#17 Dada wa Zamu

Mzee wa Data, sikatai kwamba wapo waliolelewa kwa upendo. Lakini niulize kitu. Pale Kinchela, bweni la wavulana kule New South Wales, watoto waliitwa kwa namba badala ya majina. Cootamundra, la wasichana, walifundishwa kufagia na kupiga pasi ili wakatumikie majumbani kwa watu. Wengi mishahara yao ilishikwa na serikali, hawakuiona. Kumwokoa mtoto na umaskini halafu unamfanya hausigeli ambaye mshahara wake unautunza wewe, huo uokozi unauitaje?

#18 Mbavu za Mbwa

Mzee wa Data kajifanya anaenda kuswali 😂

#19 Mzee wa Data

Nimeenda kula. Nimerudi. Dada umesema kweli, na hayo ya mishahara ndiyo yalipaswa kupelekwa mbele kabisa, maana hakuna mlipa kodi anayeweza kutetea mshahara ulioliwa. Bado nasimama na hoja yangu ya kisiasa.

#20 Profesa Majalala

Turudi kwenye hela, maana mleta mada kang'ang'ania. Rudd alipoomba radhi 2008 alisema kabisa kwamba fidia ya taifa haipo. Na mvua ya kesi iliyoogopwa haikunyesha. Malipo yamekuja kidogokidogo, jimbo kwa jimbo:

Tasmania ilitangulia hata kabla ya radhi ya Rudd, sheria ya 2006, mfuko wa dola milioni 5. Waliokuwa hai 84 walipata takriban 58,000 kila mmoja. Australia Kusini ikafuata 2015. New South Wales 2017, dola 75,000. Victoria 2022, dola 100,000. Serikali kuu ilitangaza mpango wake Agosti 2021 kwa ajili ya Northern Territory, eneo la mji mkuu na Jervis Bay: 75,000, na 7,000 juu yake za matibabu ya nafsi. Australia Magharibi, huko kwa Dada wa Zamu, wametangaza Mei 2025, dola 85,000 kwa waliochukuliwa kabla ya Julai 1972. Queensland iliyoomba radhi 1999 ndiyo imebaki bila mpango wake.

Tazama hapo: ndugu wawili wamechukuliwa mwaka mmoja, huyu ng'ambo hii ya mpaka wa jimbo, yule ng'ambo ile. Mmoja analipwa, mwingine anaambiwa asubiri.

#21 Kipanga wa Tanga

Profesa umemaliza orodha bila kusema kwamba mpango wa serikali kuu wa Agosti 2021 ulitangazwa miezi michache tu baada ya waathirika wa Northern Territory kufungua kesi ya pamoja, Aprili mwaka huohuo. Miaka 13 baada ya Rudd hakuna kitu, kesi ikafunguliwa, hela ikapatikana. Hofu ya mahakama inafanya kazi, jamani.

#22 Dada wa Zamu

Hiyo ya Mei 2025 huku watu walifurahi na kukasirika siku moja. Yule bibi wangu wa mkate hakuiona, alishaondoka. Binti yake alikuja kuchukua mzigo wa mwisho, akasema mama alikuwa kaanza kujaza fomu za kutafuta faili lake. Jina la bwenini si jina la nyumbani, tarehe ya kuzaliwa kapewa na mtu wa ofisi. Unaanzia wapi?

Wengine huwa wanapata pa kushika kwa njia za ajabu. Kuna mtaalamu mmoja, Norman Tindale, alizunguka makambi tangu miaka ya 1920 na 1930 akichora koo na kupiga picha watu, nyaraka zake ziko makumbusho ya Australia Kusini. Aliwapima watu kama vielelezo, lakini leo watu wanakwenda kumtafuta bibi yao kwenye michoro yake. Na kuna shirika la Link-Up tangu 1980, kazi yake ni kuwakutanisha tu waliochukuliwa na ndugu zao.

#23 Fundi Simu

Dada wa Zamu, samahani natoka nje ya mada. Huko Perth nafasi za kutunza wazee zinapatikanaje? Nina cheti.

#24 Mbavu za Mbwa

Nilijua tu. Nilijuaaa.

#25 Dada wa Zamu

Fundi Simu njoo PM, cheti peke yake hakitoshi. Tusiharibu uzi wa watu.

#26 Binti Kisauni

Mimi naona mnasahau wapiga kura. Mei 2000 watu kama robo milioni walivuka lile daraja la Sydney kwa miguu kudai maridhiano. Kwa hiyo hamu ilikuwepo. Lakini 2001 Howard akashinda tena, na 2004 tena. Halafu juzi, Oktoba 2023, wakapigishwa kura ya kuwapa wenyeji asilia chombo cha kuishauri serikali, na asilimia 60 hivi wakasema la. Kiongozi hana haja ya kuogopa mahakama, anaogopa sanduku la kura.

Na kuna yule Peter Dutton, alisusia kikao cha radhi 2008. Akaja kuomba radhi kwa kususia radhi, 2023, alipokuwa kiongozi wa upinzani.

#27 Jogoo la Shamba

Radhi ya radhi. Hii sasa hata mimi imenichekesha.

#28 Wakili wa Mwembeni

Binti ana hoja. Ila niongeze lingine ambalo hakuna aliyeligusa: labda ni vigumu kuomba radhi kwa kitu ambacho hujakiacha. Leo zaidi ya asilimia 40 ya watoto walioondolewa majumbani na kulelewa chini ya uangalizi wa serikali ni wa wenyeji asilia, wakati wao ni kama asilimia 6 tu ya watoto wote wa nchi. Sababu zinazotajwa sasa ni ulevi, ugomvi wa nyumbani, utelekezaji. Sheria hazitaji rangi tena. Lakini mama aliyelelewa Cootamundra, ambaye hakuwahi kuona mama akilea, anakuja kupimwa na ofisa kama anajua kulea.

#29 Mzee wa Data

Hapo Wakili utajikuta unakataza hata kumwondoa mtoto anayeumia. Kuna mstari mwembamba sana hapo.

#30 Wakili wa Mwembeni

Upo. Ndiyo maana kisheria wanatakiwa kumpeleka kwa shangazi au bibi kwanza kabla ya mgeni. Kinachofanyika ofisini ni hadithi nyingine.

#31 Mtoto wa Kalemie

Bandugu, nasoma tangu mwanzo, niko Bruxelles. Mnaongea Australia kama iko mbali, na kwetu ilifanyika.

Enzi ya Wabelgiji, Kongo, Rwanda na Burundi, mtoto wa baba mzungu na mama mwafrika aliondolewa kijijini akapelekwa kwa masista. Serikali iliona aibu, na iliwaogopa pia. Kulikuwa na Katende kule Kasai, kulikuwa na Save kule Rwanda. Wengine karibu na uhuru walipandishwa ndege hadi Ubelgiji, wengine wakaachwa palepale vita inaanza.

Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni tarehe 4 Aprili 2019. Malipo hakuna. Wanawake watano waliozaliwa Kongo, walichukuliwa kabla ya kufika miaka saba, wakaishtaki serikali. 2021 wakashindwa, mahakama ikasema wakati ule halikuwa kosa. Wakakata rufaa. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya hapa Bruxelles ikasema ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, na kila mmoja alipwe yuro 50,000.

#32 Chumvi ya Mawe

Haya! Radhi 2019, kesi ikafuata, hela 2024. Nilisema nini kwenye bandiko la kwanza? Howard alijua anachokifanya.

#33 Profesa Majalala

Usishangilie mapema. Trevorrow alishinda 2007, kabla ya radhi. Wale wa Ubelgiji walishtaki kwa sababu radhi ilikuja mikono mitupu. Ukiomba radhi na fidia kwa pamoja, unaenda mahakamani kutafuta nini? Kwa hiyo kinachozaa kesi ni radhi kavu.

#34 Kipanga wa Tanga

Kwa hiyo bado ni hela, Profesa. Tunazunguka mbuyu.

#35 Profesa Majalala

Nimesema nafasi ya pili, sijasema haipo. Soma #3.

#36 Mwana wa Gitega

Salaam. Mtoto wa Kalemie, nakuuliza wewe. Mama yetu mkubwa, dada wa mama, alikuwa chotara. Alichukuliwa akiwa mdogo na kulelewa kwenye kituo kimoja cha masista, kisha familia ikapoteza habari zake. Bibi alikuwa akisema tu "yule wa Ulaya". Bibi hayupo tena. Mama yangu yupo, ana miaka mingi, na anataka kujua kama dada yake aliwahi kufika Ubelgiji. Hatutafuti hela. Kuna mahali pa kuuliza?

#37 Mtoto wa Kalemie

Papo. Bunge la hapa lilipitisha azimio 2018 kuhusu watoto hao, na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ikapewa kazi ya kuzifuatilia faili zao. Ndugu wa damu anaweza kuomba. Watakuuliza jina la ubatizo, mwaka wa kuzaliwa hata wa kukisia, parokia au kituo, na jina la mzungu baba kama mnalijua. Uwe tayari, majina waliyaandika vibaya, wengine walibadilishiwa kabisa, kwa hiyo andika namna zote mnazolitamka nyumbani.

#38 Mwana wa Gitega

La ubatizo tunalo. La baba tuna la kwanza tu. Mama anasema kuna picha moja pia, ya wasichana wamesimama mbele ya kanisa.

#39 Mtoto wa Kalemie

Piga picha hiyo picha, mbele na nyuma, nyuma huwa kunaandikwa. Nitumie PM, usiweke hapa hadharani. Alhamisi nina nafasi ya kwenda.